Folda ya pamoja mtandaoni: mwongozo kamili, usome kabla hujafuta kazi ya wenzio

Niliwahi kufuta kazi ya watu 9 kwa dakika moja, na wakati nafuta nilikuwa najiona nafanya usafi. Kompyuta ilikuwa inalalamika imejaa, nikaangalia nini kinakula nafasi, nikakuta ni folda kubwa ya mradi tuliokuwa tunaufanya kama kikundi, nikasema aah hii si ipo mtandaoni, humu kwangu inakaa kufanya nini, nikaichagua, nikafuta, nikamwaga na tupio la kompyuta kabisa, nikaenda kuoga. Narudi simu ina meseji 14. Ya kwanza: "jamani mbona folda tupu?" Ya mwisho: "NANI KAFUTA". Sasa nani mwingine.

Mafaili yalirudi, namna yalivyorudi ntaeleza huko chini, ila siku ile ndo nilijua kwamba nilikuwa natumia hiki kitu miaka kadhaa bila kuelewa kinafanyaje kazi, na nikiwaangalia wenzangu nao ni hivohivo, tunabonyeza tu kwa mazoea mpaka siku limetokea la kutokea. Kwa hiyo ntaanzia chini kabisa, na kuna swali moja utaliona linarudi kila hatua: hili faili ni la nani, na nikiligusa hapa, nani mwingine ataona mabadiliko?

Wingu lenyewe ni nini

Ni kompyuta za watu wengine, basi. Majengo makubwa yamejaa seva, yanapozwa mchana na usiku, na wewe unapewa kachumba kadogo humo ndani cha kuweka vitu vyako. Faili likifika kule huwa halikai sehemu moja, linawekwa nakala kwenye mashine tofauti, ndo maana diski moja ya kule ikifa wewe hata hushtuki. Hilo ndo linawashinda wengi wetu kulifanya nyumbani.

Kabla ya hapo ilikuwa flashi. Drew Houston, mmoja wa waanzilishi wa Dropbox (mojawapo ya hizi huduma za wingu), mwenyewe husimulia kwamba wazo lilimjia akiwa kwenye basi kutoka Boston kwenda New York akagundua flashi yake kaisahau, na kampuni ikaanzishwa 2007. Microsoft nao walianza mwaka huohuo na kitu ambacho baadaye kikaitwa SkyDrive, wakaja kubadilisha jina kuwa OneDrive 2014 baada ya kushindwa kesi ya jina na kampuni ya televisheni ya Sky kule Uingereza. iCloud ya Apple ilikuja 2011, Google Drive 2012. Kuna nyingine nyingi, na kuna Nextcloud ambayo unaweka kwenye seva yako mwenyewe, ila hiyo ni ya watu wanaopenda kusumbuka (nawapenda, ila mi sio mmoja wao).

Nafasi ya bure kwa kawaida ni hivi: Dropbox 2 GB, OneDrive 5 GB, iCloud 5 GB, Google 15 GB. Usikimbilie hiyo 15 ukadhani yote ni ya mafaili, maana inagawanywa kati ya Drive, Gmail na Picha (Google Photos), na tangu tarehe 1 Juni 2021 picha unazopandisha zinahesabiwa humohumo. Unakuta mtu anasema Drive yake imejaa wakati ina mafaili mawili, kumbe barua pepe za miaka 10 zenye viambatisho ndo zimejaza.

Kuhifadhi, kusinki na kushirikisha ni vitu vitatu

Hapa ndo nilipoanguka, kwa hiyo nivumilie nikikaa kidogo.

Kuhifadhi ni kupandisha faili likakaa kule. Unaingia kwa brauza, unalibururia ndani, limefika. La kwenye kompyuta yako na la kule sasa hazijuani kabisa, ukifuta moja lingine lipo.

Kusinki ni tofauti. Unaweka programu ya huduma kwenye kompyuta, inatengeneza folda, na kuanzia hapo hiyo folda na ile ya kule ni kitu kimoja kinachoonekana sehemu mbili, kama mtu na kioo. Ukiandika hapa, kule kunaandikwa. Ukifuta hapa, kule kunafutwa. Programu haiwezi kujua kama umefuta kwa sababu unataka nafasi au kwa sababu hulitaki tena hilo faili, yenyewe inatii tu.

Kushirikisha ni kumpa mtu mwingine ruhusa ya kuingia kwenye faili au folda ileile. Hapewi nakala, anapewa mlango. Ukimtumia mtu faili kwa barua pepe sasa mna mafaili mawili na kila mmoja anahariri la kwake, mwisho wa wiki mna "ripoti_mwisho", "ripoti_mwisho2", "ripoti_mwisho_KABISA". Ukimshirikisha, faili ni moja.

Sasa jumlisha kusinki na kushirikisha. Folda yangu ilikuwa imesinkiwa kwenye kompyuta na imeshirikishwa watu wengine 8. Nilipofuta kwangu, kikafutwa kule, na kilipofutwa kule kikafutwa kwenye kompyuta zote 8 zilizokuwa zimewashwa. Hakuna kilichoharibika, kila kitu kilifanya kazi kama kilivyotengenezwa.

Hatua ya 1: amua akaunti itakuwa ya nani

Watu wanaruka hii wanakimbilia kutengeneza folda. Usiruke. Kama ni kazi ya kikundi, jiulize folda itafunguliwa kwenye akaunti ya nani, maana huyo ndo mwenye mali machoni pa kampuni. Akiondoka, akigombana na nyie, akipoteza paswedi au akafuta akaunti yake, mnaondoka naye.

Kwa kikundi chochote kitakachodumu zaidi ya miezi michache mi nashauri akaunti ya kikundi, yenye barua pepe yake, na watu wawili wanaojua paswedi na wana namna ya kuirudisha. Ila iwe inatumika: Google wana sera kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, na walianza kuitekeleza Desemba 2023. Kuingia mara moja moja kunatosha.

Washa uthibitisho wa hatua mbili (paswedi peke yake haitoshi kuingia, unaombwa na uthibitisho wa pili) hapohapo, kabla hujaweka hata faili moja. Na zile namba za dharura wanazokupa, ziandike kwenye karatasi, usizihifadhi ndani ya wingu hilohilo unalolifungia. Usicheke, nimeona watu wamefanya hivo.

Kuhusu huduma ipi uchague: angalia wenzio wanatumia nini tayari. Kama watu 6 kati ya 8 wana akaunti za Google, chukua Google. Kama kazi yenu yote ni Word na Excel, OneDrive itawapa raha maana mnaweza kuhariri faili moja watu wengi kwa wakati mmoja ndani ya Word yenyewe. Dropbox ni nzuri sana kwenye kusinki mafaili makubwa, ila kwa akaunti ya bure tangu 2019 unaruhusiwa vifaa 3 tu.

Hatua ya 2: panga folda kabla hujaita mtu

Ukishaingiza watu ndo unaanza kupanga, utakuwa unahamisha viti huku wageni wamekaa. Tengeneza folda moja kuu, ndani yake folda nne au tano, zisizidi sana. Sisi tulikuwa na hizi:

01_Soma_kwanza
02_Inaendelea
03_Imekamilika
04_Picha
99_Zamani

Namba za mbele ni kwa sababu kompyuta inapanga kwa herufi, ukiweka namba unapanga wewe. Sifuri ya mbele isikosekane, la sivo kuna sehemu 10 itakuja kukaa kabla ya 2. Kwenye majina ya mafaili tarehe ianze na mwaka, mfano 2024-03-09_bajeti, hapo yatajipanga yenyewe kwa mfuatano bila wewe kufanya chochote. Na usitumie alama kama / : * ? " < > | kwenye majina, maana Windows haizikubali, kwa hiyo mwenzio wa Mac ataliita faili "Bajeti 9/3 mpya?" nyie wa Windows mtakaa mnashangaa kwa nini halisinki.

Hiyo 01_Soma_kwanza weka humo faili moja fupi, nusu ukurasa: folda hii ni ya nini, nani msimamizi, kipi hakiruhusiwi kufutwa. Watu hawatalisoma. Weka tu, siku ya ugomvi utakuja kulionyesha.

Hatua ya 3: ingiza watu, mmoja mmoja, na ruhusa sahihi

Kwa kawaida ruhusa ziko za aina tatu, hata kama majina yanatofautiana na sio kila huduma ina zote: wa kuangalia tu, wa kuangalia na kutoa maoni pembeni, na wa kuhariri. Juu ya wote yupo mmiliki.

Mhariri ana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Kwenye Google Drive, mhariri anaweza kuingiza watu wengine na kubadilisha ruhusa zao, labda mmiliki aingie kwenye mipangilio ya kushiriki aizime hiyo. Izime. Sio kwa sababu humwamini mtu, ila baada ya miezi mitatu utakuta majina manne huyajui na hakuna anayekumbuka nani aliwaleta. Na mtazamaji naye usimdharau, kwa kawaida anaweza kushusha faili zima na kuondoka nalo. Unaweza kuzima kushusha na kuprinti pia, ila mtu mwenye nia atapiga skrinshoti, kwa hiyo kitu ambacho hutaki kabisa kitoke usimwonyeshe tangu mwanzo.

Mi kanuni yangu ni kwamba kila mtu anaanza kama mtazamaji, akisema anahitaji kuandika ndo napandisha. Kupandisha mtu ni rahisi na anafurahi, kumshusha ni maneno.

Alafu kuna njia mbili za kuingiza. Ya kwanza ni kwa barua pepe, unaandika anwani ya mtu, anaingia kwa akaunti yake, unajua ni nani na ukitaka kumtoa unamtoa yeye peke yake. Ya pili ni linki ya "mtu yeyote mwenye linki". Hii ndo watu wanaipenda maana ni kunakili na kutupa kwenye grupu, na ndo inayoleta balaa. Linki ni kama ufunguo usio na jina, yeyote aliyeuokota anaingia, na ukisambazwa kwenye grupu lingine hutajua. Umewahi kufungua faili la Google la pamoja ukakuta juu kuna vipicha vya wanyama, kapibara asiyejulikana na sungura asiyejulikana, wanaangalia na wewe? Hao ni watu walioingia kwa linki bila kutambulika, na huna namna ya kujua ni akina nani.

Linki ina sehemu yake. Fomu tupu, tangazo, picha za tukio ambazo kila mtu anaruhusiwa kuziona, weka linki, iwe ya kuangalia tu. Mambo ya pesa, namba za simu za watu, vitambulisho, mikataba, weka kwa barua pepe peke yake. Huduma nyingi zinakuruhusu pia kuiwekea linki paswedi na tarehe ya kufa, ingawa mara nyingi hiyo ni kwa wanaolipia.

Jambo lingine, ruhusa inashuka. Ukimpa mtu folda kuu, kila kilichomo ndani na kila utakachoweka kesho anakiona. Kwa hiyo faili la siri usilitie ndani ya folda ya pamoja "kwa muda tu", lijengee folda yake nje.

Ukimaliza fanya jaribio hili, dakika moja tu: nakili linki ya folda, fungua brauza kwenye dirisha la siri ambalo hujaingia na akaunti yoyote, ibandike. Ukiombwa kuingia na akaunti, uko salama. Ukiona mafaili yako yamejipanga mbele yako, na mtaa mzima unayaona.

Hatua ya 4: jua nafasi inaliwa kwa nani

Hili sikuwahi kuambiwa na mtu, nililijua kwa kuumia, na kila huduma ina yake.

Google: faili linahesabiwa kwa aliyelipandisha, hata kama liko ndani ya folda yako. Folda ni yako, mafaili ya ndani ni ya wenyewe. Kwa hiyo Asha akiweka video ya 6 GB kwenye folda yako, zinakatwa kwenye 15 za Asha.

OneDrive: vinahesabiwa kwa mwenye folda. Wenzio wakijaza, umejaa wewe.

Dropbox: folda ya pamoja inahesabiwa kwa kila aliyemo. Folda ya 1.8 GB kwa watu 5 wa akaunti za bure inakula 1.8 kwenye 2 za kila mmoja wao, na ndo maana mtu anakubali mwaliko tu anaambiwa akaunti imejaa.

Angalia hapo kwa Google matokeo yake ni nini. Asha akijitoa kwenye kikundi na kufuta mafaili yake ili apate nafasi, yanapotea kwenye folda yenu, na ana haki, ni yake. Kuhamisha umiliki inawezekana, unaingia kwenye orodha ya watu walioshirikishwa unamchagua wa kupokea, yeye anapata ombi na lazima akubali. Lakini kuhamisha umiliki wa folda hakuhamishi mafaili yaliyomo, hayo yanabaki kwa walioyaleta. Watu wanakabidhiana folda kwa mbwembwe, anayepokea anadhani kapokea kila kitu, kumbe kapewa kabati na nguo ni za wengine.

Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo kwenye lile faili la Soma_kwanza tengeneza jedwali dogo: faili gani muhimu, mmiliki nani. Safu mbili tu zinatosha.

Hatua ya 5: kusinki kwenye kompyuta bila kulia

Kama kazi yako ni kufungua faili mara moja kwa wiki huhitaji kusinki, tumia brauza. Kama unafanyia kazi kila siku, weka programu.

Wakati wa kuweka, utapewa uchaguzi: mafaili yote yashuke yakae kwenye diski, au yaonekane tu majina na yashuke pale unapoyafungua. Chagua la pili kama diski ni ndogo. Utaona mafaili yana alama ya kawingu pembeni, maana yake hapa lipo jina tu, mwili uko kule. Tiki ya kijani maana yake limeshashuka. Na hapa ndo jibu la ile shida yangu ya mwanzo: ukitaka nafasi usifute, bofya kulia kwenye folda utafute chaguo la kuachia nafasi au kulifanya liwe la mtandaoni tu. Mwili unaondoka kwenye diski yako, jina linabaki, wenzio hawajui kitu. Ningejua hilo siku ile ningeoga kwa amani.

Ubaya wake ni pale intaneti ikikatika, faili la kawingu halifunguki. Ukijua unasafiri, chagua mapema mafaili unayoyataka uyawekee alama ya kubaki kwenye kifaa. Ya Google Docs nayo yanahitaji uwashe hali ya nje ya mtandao kabla, ukishakatika ndo ukumbuke umechelewa.

Kuhusu muda piga hesabu kabla hujalaumu huduma. Kasi ya intaneti inatajwa kwa megabiti na ukubwa wa faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. GB moja ni kama megabiti 8,000. Kama kasi yako ya kupandisha ni megabiti 4 kwa sekunde, hiyo ni sekunde 2,000, yani kama dakika 33, na GB 10 ni masaa matano na nusu. Na kasi ya kupandisha kwa wengi ni ndogo kuliko ya kushusha, kwa hiyo ile namba kubwa kwenye tangazo la intaneti sio hiyo. Kundi kubwa la picha lipandishe usiku, uiambie kompyuta isilale. Kama unalipia data kwa kipimo, ingia kwenye mipangilio ya apu ya simu uweke ipandishe kwa Wi-Fi tu, fanya hivo kabla ya kuwasha kupandisha picha kiotomatiki, sio baada.

Sasa migongano. Wewe unafungua faili la Excel saa 4:10 ukiwa huna mtandao, unabadilisha mstari wa 12. Mwenzio analifungua 4:15, anabadilisha mstari wa 30, anahifadhi, linapanda. Saa 4:40 mtandao unarudi kwako, kompyuta inataka kupandisha la kwako, inakuta la kule sio lile uliloanza nalo. Haiwezi kuamua nani mkweli. Inachofanya Dropbox kwa mfano ni kuweka yote mawili, la pili likiwa na jina lilelile, limeongezewa jina la mtu au kifaa, maelezo kwamba ni nakala iliyogongana, na tarehe. Ukiona faili la namna hiyo usilifute kwa kuona ni uchafu, mstari wako wa 12 uko humo. Fungua yote mawili, hamishia kilichokosekana kwenye lile kuu, ndo ufute.

Mkitaka kuepuka kabisa, andikieni ndani ya brauza, pale mnapoona vishale vya wenzenu vinatembea. Kwa mafaili yasiyo na uwezo huo, kama ya michoro au ya kuhariri video, hakuna ujanja zaidi ya kuambiana: "nimelishika hili, msiguse mpaka niseme". Ni ya kizamani na inafanya kazi.

Hatua ya 6: kufuta, na kurudisha kilichofutwa

Kabla ya kufuta chochote cha pamoja jiulize maswali mawili, mi ni mmiliki au mgeni, na hii huduma inafanyaje. Ukiwa mgeni kwenye Google ukaliondoa faili lililoshirikishwa kwako, linaondoka machoni pako tu, mwenyewe bado analo. Ukiwa mhariri kwenye folda ya Dropbox ukafuta faili, limefutwa kwa wote. Kama unachotaka ni kujitoa, tafuta chaguo la kuondoka kwenye folda, lipo, liko tofauti na kufuta.

Likishafutwa kimakosa, usipaniki na usianze kupandisha nakala za zamani hovyohovyo, utachanganya zaidi. Fanya hivi: simamisha kwanza kusinki kwenye kompyuta, ingia kwa brauza sio kwa programu, fungua tupio la kule mtandaoni. Hilo ni tofauti na tupio la kompyuta, mi nilikuwa nimemwaga la kompyuta nikadhani ndo basi, kumbe la mtandaoni lilikuwa na kila kitu. Chagua, rudisha, subiri. Yetu yalichukua kama dakika 20 kurudi kwenye folda yake na kwa wote.

Muda unao, ila sio milele. Google Drive inafuta yenyewe vilivyokaa kwenye tupio siku 30, Dropbox ya bure ni siku 30, OneDrive ya binafsi siku 30, ile ya kazini na shuleni 93. Kama faili limefutwa na mwenzio na mmiliki ni yeye, mwambie yeye aangalie tupio lake, kwako hutalikuta hata utafute mpaka kesho.

Na kama faili lipo lakini mtu kaliharibu, kafuta nusu ya maandishi akahifadhi, hapo sio tupio, ni historia ya matoleo. Bofya kulia kwenye faili utaona. Kwa mafaili ya kawaida Google inatunza toleo la zamani siku 30 au mpaka yafike matoleo 100, OneDrive ya binafsi inakupa 25 ya mwisho. Unafungua toleo la jana, unahakikisha ndo lenyewe, unalirudisha. Kama kuna toleo mnalolitegemea, mfano lililosainiwa, liwekee alama ya kutunzwa daima au lishushe uliweke pembeni.

Siri yako iko wapi

Kwa kifupi: kampuni kubwa zote zinasimba mafaili (yani zinayageuza yasisomeke bila ufunguo) yakiwa njiani na yakiwa yamelala kule, ila kwa mipangilio ya kawaida ufunguo wanao wao, kwa hiyo wanaweza kufungua wakilazimika. Kama una kitu ambacho hata wao hutaki wakione, kifunge mwenyewe kabla hujakipandisha, kuna programu ya bure inaitwa Cryptomator inafanya hivo, au tumia huduma kama Proton Drive ambayo imejengwa hivo tangu mwanzo, au kwenye iCloud uwashe ulinzi wa juu waliouleta Desemba 2022. Ujue tu ukipoteza ufunguo hapo hakuna wa kumpigia.

Hatua ya 7: bekapu, maana kusinki sio bekapu

Nadhani umeshaona kwa nini. Kitu kinachofuta kila sehemu ukifuta sehemu moja hakiwezi kuwa akiba. Virusi vya kufunga mafaili na kudai pesa navyo ni hivohivo, vikifunga kwenye kompyuta iliyosinkiwa, yaliyofungwa ndo yanapanda kule. Watu wa kompyuta wana hesabu ya 3-2-1: nakala 3, kwenye aina 2 tofauti za vifaa, 1 iwe mbali na hapo ulipo. La kwenye kompyuta ni moja, la wingu ni la pili na liko mbali, bado diski ya nje unayoichomeka, unanakili, unaichomoa. Kuchomoa ndo muhimu, ikibaki imechomekwa itaathirika pamoja na kompyuta.

Mi nafanya Jumapili ya mwisho wa mwezi. Naingia kwa brauza, nashusha folda nzima, inakuja imefungwa kwenye zip (faili moja lililobeba mengi ndani), wakati mwingine zip mbili tatu kama ni kubwa, naweka kwenye diski kwenye folda yenye tarehe. Alafu nafungua mafaili matatu yoyote, moja la Word, moja la Excel na picha moja, kuona kama yanafunguka kweli. Mwezi mmoja nilikuta zip ya pili haijashuka yote, ilikatikia katikati na jina lilikuwa sahihi kabisa.

Siku hiyohiyo ya bekapu nafungua na orodha ya watu walioshirikishwa kwenye folda, naisoma jina kwa jina, na niliyeshindwa kumkumbuka namtoa. Akiihitaji folda ataomba tena.